Utando Uliovujia Nyanya za Senge

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuujaribu utando kwa hewa baridi na kavu. Chumbani kwangu Kitale nilikuwa nimeuunda kwa kulowesha kichujio chembamba katika kiowevu cha ioni, yaani chumvi iliyo majimaji, isiyokauka. Chumvi hiyo niliitengeneza mwenyewe kwa maelekezo niliyosoma kwenye simu: yurea ya mbolea, na kolini ya chakula cha kuku kutoka agroveti, duka la pembejeo. Hewa ya ukaa huyeyuka ndani yake na kutokea upande wa pili; hewa nyingine hubaki nje. Kwa hewa niliyoitoa kwenye siki na magadi, nikaikausha, mambo yalienda sawa. Nilirudia mpaka vidole vikachubuka, maana nikiona dosari silali.

Ndipo nikamwendea senge, dada wa baba, nje ya Bungoma. Ana mashine ya dizeli ya kusaga unga, na nyuma yake kibanda cha nailoni chenye nyanya. Nilimwahidi kuchuja moshi wa ekzosi, nyanya zipate hewa ya ukaa peke yake, zinenepe.

"Hazitakufa?" aliuliza. Zilikuwa zimeanza kutoa maua, na alikuwa amezinyweshea kwa ndoo kiangazi kizima.

"Senge, niamini."

Moshi wa dizeli una joto, una mvuke, tena unasukuma. Ulikitoa kiowevu kwenye vitundu vya kichujio, ukaingia wote kibandani huku waliokuja kusaga wakinipiga picha. Kesho yake majani yalikuwa yamejikunja, maua yako chini.

Senge hakunipigia kelele. Alichinja kuku. Kwetu firigisi ni ya mwanaume wa heshima, na kuikataa ni kumtukana aliyepika. Aliiweka kwenye sahani yangu mbele ya majirani.

"Kula, daktari. Si umefanya kazi?"

"Ati anachuja moshi," mwendesha mashine akasema. "Bana, huyu hata chai hawezi chuja."

Walicheka.

"Tafuna pole pole," senge akasema. "Hayo ndiyo mavuno yangu."

Nilitafuna. Niliimaliza yote, na hakuna aliyenipa maji.

Siku hizi naanza na moshi wenyewe, ukiwa moto na unyevu wake. Utando hushika kwa muda mfupi kisha huvuja, nami nasema umevuja. Senge amepanda sukuma wiki mahali pa nyanya, na mimi siruhusiwi kuvuka lango lake.