Ree ya Kopa Mfukoni Mwangu

Mwanangu wa kike ana miaka minane, na hesabu nilitaka nimfundishe mimi. Si mwengine. Niliishia darasa la saba, sawa, lakini tebo zote mpaka ya kumi na mbili ninazo kichwani. Basi kila baada ya Alasiri, nikitoka dukani Mlandege, namkalisha ukumbini, mimi nasoma, yeye anaitikia. Siku moja tulipofika sita mara saba nikaona kimya. Kalala. Kakaa wima, mikono mapajani, kalala kwa adabu zake zote.

Ndipo akaja shemegi yangu kutoka Paje, mdogo wake mke wangu. Alisema anakaa wiki mbili. Huu mwezi wa tano hajaondoka. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na karata, akamfundisha mtoto wahedi wa sitini. Anayefikisha sitini na moja ndiye mshindi. Ree, karata ya moja, ni pointi kumi na moja, saba ni kumi, wazungu waliochorwa ni nne, tatu na mbili, na zilizobaki hazina kitu. Ukijumlisha zote, mia na ishirini.

Wiki haikwisha, mtoto anajumlisha kabla mimi sijavua viatu. "Mamdogo, mimi nshapata arubaini na tatu, bado kumi na nane." Nami nimesimama mlangoni na mikate yangu, hata karibu siambiwi. Wivu ulinipanda mpaka chai ya mke wangu nikaiona haina sukari.

Nilipata raha siku moja tu. Daftari la skuli lilirudi na mkwaju mwekundu wa kosa: saba kujumlisha nne, kaandika kumi. Nikamuuliza. "Saba ni kumi, baba, na nne haina kitu." Nikampelekea shemegi lile daftari kama napeleka posa. Akamwambia mtoto kwa upole kwamba hizo ni pointi za karata, skuli saba ni saba. Kesho yake alipata zote.

Hapo ndipo nikaiba. Nilichukua ree ya kopa, ile yenye moyo mwekundu, na ile mbili ya uru isiyo na pointi, ili zilizobaki zigawike sawa wasishtuke mapema. Nikazitia mfuko wa shati. Nilijua hesabu zitawakataa, wachoke, turudi kwenye tebo zangu.

Wakacheza, wakamaliza. Shemegi hamsini na saba, mtoto hamsini na mbili. Hakuna aliyeshinda. Shemegi akasema labda wamehesabu vibaya.

Mtoto akafumba macho kidogo. "Hatujakosea. Jumla mia na tisa. Kumi na moja hazipo." Akazifunua karata moja moja: ree ya shupaza, ya pau, ya uru. "Ree ya kopa imekwenda wapi?"

Mimi nnakunywa maji. Shemegi akanitazama usoni, kisha kifuani. Shati lenyewe jeupe, jepesi.

"Shemegi, hiyo kopa iliyokuota kifuani ni ya dada yangu au ni yetu?"

Nikazitoa. Mke wangu jikoni alicheka mpaka akakohoa, lakini mtoto hakucheka. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia kweli.

"Nilitaka hesabu ucheze na mimi."

Akafikiri. "Mamdogo, mpishe baba mchezo mmoja."

Nikakaa mkekani haraka kabla hajaghairi. Akachanga karata kwa vidole vile vidogo, akanigaia, akanila kila pembe. Tulipomaliza nikahesabu zangu kwa sauti, kwa madaha, nikasema arubaini na sita.

Nilikuwa nimekosea. Niliona kwenye uso wake kwamba nimekosea. Lakini hakunisahihisha pale pale. Kwanza alimgeukia mamdogo wake, akamuuliza kwa macho kama anaruhusiwa kuniambia, na shemegi akamwitikia kwa kichwa.

Kunishinda mchezo sikujali. Ruhusa ile ndiyo iliyoniuma.