Asubuhi Mbili Zisizo na Msumari

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, hadi leo masikio yananiwaka moto. Nilimdanganya mtu ambaye macho yake yalikuwa hayaoni tena. Juzi ulipokuja na simu yako ukanionyesha picha ya nyota mkia, ukasema, "Bibi, nimeiona!" nilikuuliza umeionea wapi. Ukacheka, ukasema kuna mtu amekutumia. Sikukugombeza. Nilimkumbuka Mwalimu Marwa, na ndiyo maana leo nimekuita tunywe chai.

Mwalimu Marwa alitufundisha hesabu na sayansi hapahapa Nyanungu. Alipostaafu alijenga nyumba ya bati ng'ambo ya kijito. Mzee mfupi, mkali, na chai yake ya tangawizi aliipenda kuliko alivyowapenda watu. Alikuwa na darubini kubwa ya macho mawili aliyoifunga kamba ya katani, na kwa miaka mingi alikuwa akiamka alfajiri kutazama nyota mkia. Alichora mahali ilipo kati ya nyota nyingine, akaandika mng'ao wake. Alikuwa na wenzake wa mbali waliofanya hivyohivyo, wakaandikiana barua, ili kwa pamoja wajue inapita njia gani na inang'aa kiasi gani.

Kisha mtoto wa jicho akamfunga macho yote mawili. Na mwaka huohuo ikaja nyota mkia aliyokuwa akiingoja, ya mbali sana, isiyoonekana bila darubini. Ikishapita hairudi tena sisi tukiwa hai, wala wajukuu zetu. Hebu fikiria uchungu huo! Mimi nilikuwa nimemaliza shule, nipo nyumbani nasubiri matokeo. Akaniita.

"Bhoke, wewe una macho. Niazime."

Wiki nzima alinifundisha. Nyota mkia haionekani kama nyota; ni kama tone la maziwa lililodondoka kwenye maji. Kwa hiyo unazungusha kigurudumu cha darubini mpaka nyota za jirani nazo zivurugike, zifanane nayo. Halafu unajiuliza: imeizidi hii? Imeshindwa na ile? Unaipa namba iliyo katikati ya hizo mbili, unaandika kwenye daftari, unachora ilipo. Darubini alinipa nikae nayo kwetu, nitazame kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukamua. Kukipambazuka navuka kijito kwenda kumsomea.

Yeye alikuwa na ubao. Kila namba niliyomsomea aliipigilia msumari mdogo, juu kama mng'ao umeongezeka, chini kama umepungua. Akafunga uzi kutoka msumari hadi msumari, akawa anaupapasa kwa vidole polepole, anatabasamu peke yake. Mimi nilikuwa namtazama, najiona mtu mkubwa kweli. Tulifika asubuhi thelathini na nne, na uzi ulikuwa unapanda vizuri kabisa.

Ukaja msimu wa palizi. Mwanangu, ile palizi ya mahindi ya Tata, baba yangu, wewe huijui na ushukuru Mungu. Nilirudi nyumbani mgongo umekatika. Kesho yake usingizi ulinibeba mpaka jua likapiga kwenye lango la zizi. Niliona ua umelowa, nikajisemea mvua imenyesha usiku ikaisha, alfajiri lazima anga lilikuwa wazi. Nikaona aibu kumwambia Mwalimu nimelala. Nikachukua namba ya jana, nikaipandisha kidogo, nikampelekea. Akapigilia msumari. Siku ya pili nikalala tena, nikapandisha tena, na safari hiyo wala moyo haukunidunda.

"Shikamoo Mwalimu," nikamsalimia, nikamsomea.

"Marahaba." Msumari alikuwa nao mkononi, lakini hakuupigilia. "Bhoke, kwenu jioni ng'ombe wakirudi, baba yako anafanyaje?"

Nilishangaa, maana alijua. Kwetu ng'ombe hawahesabiwi kwa namba, ni mwiko. Tata alisimama langoni akawataja mmoja mmoja kwa rangi yake: mwekundu mwenye doa usoni, mweusi wa pembe moja. Mchungaji anajibu, "Nimemwona," au "Sijamwona." Ukisema hujamwona, hakuna anayekugusa; wanaume wanachukua mikuki na tochi, wanatoka kumtafuta. Kaka yangu aliwahi kusema "Nimemwona" kwa ndama ambaye hakumwona, kwa sababu alikuwa na njaa anataka ugali. Asubuhi tulikuta fisi wamebakiza kwato. Tata hakumchapa, lakini alikaa msimu mzima bila kumpa fimbo ya kuchungia, na kaka alilia kuliko ambavyo angelia kwa viboko.

Nikamweleza Mwalimu hayo ya langoni.

"Na ambaye hukumwona unasemaje?"

"Sijamwona."

"Haya. Nyumba yenu ni ya nyasi, mvua haipigi kelele. Yangu ni ya bati. Jana na leo imenipigia kichwani tangu jogoo wa kwanza mpaka kumekucha. Jana nilijisemea labda wingu lilifunguka upande wenu. Leo nimekataa. Mimi ni kipofu, Bhoke, si kiziwi. Nyota mkia umeionea wapi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Nikasema, "Mwalimu, nililala. Siku zote mbili." Nikalia kama mtoto.

Alisukuma chai yake kando. Akasema, "Barua ya wenzangu inaondoka na basi Ijumaa. Nilitaka kuwaambia inazidi kung'aa. Sasa hizo thelathini na nne nazo nizitupe?"

"Usizitupe. Zile niliziona, Mwalimu, naapa."

Hizo aliziacha ubaoni. Aliung'oa msumari wa jana, akaniamuru nikate namba zote mbili kwa mstari na pembeni niandike, "Sikuona." Nikaandika.

Usiku uliofuata hata sikulala, nikiogopa kulala. Alfajiri mbingu ilikuwa safi. Nikaelekeza darubini, na Mungu wangu! Ile nyota mkia ilikuwa imefifia, imetawanyika kama jivu lililopulizwa. Nikarudia. Nikailinganisha na nyota tatu, nne. Imefifia. Nikaanza kulia upya, maana nani angeniamini? Jana nimekamatwa kwa uongo, leo naleta habari inayoangusha uzi wote. Shetani akaninong'oneza niandike namba ya katikati, isiyomshtua mzee. Niliishika kalamu muda mrefu. Nikaandika nilichokiona.

Nilivuka kijito. Nikamsomea. Vidole vyake vilikuwa juu ya ubao, vikasimama.

"Umeiona?"

"Nimeiona."

Mwanangu, hakuuliza mara ya pili. Alishuka na kidole chini, chini kabisa, akapigilia msumari pale. Kisha akaniambia nimimine chai, na kikombe cha kwanza akanipa mimi.

Majibu ya barua yalikuja baada ya wiki nyingi. Wale wenzake, ambao kwao anga lilikuwa wazi, waliona hivyohivyo: ilivunjika katika zile siku mbili nilizolala. Kama ningeachiwa, uongo wangu ungekwenda na basi, ukiwa na jina la mzee wa watu.

Sijui ningekuwa nani kama asubuhi ile angesema, "Mwongo wewe, toka." Nimefundisha watoto maisha yangu yote, na kila aliyenidanganya akarudi na ukweli, nilimmiminia chai. Asante, Mwalimu Marwa. Nakushukuru kila siku ninayoamka.

Ubao wenyewe aliniachia. Huu hapa, shika. Pitisha kidole kwenye uzi. Unapanda, unapanda, halafu pana nafasi tupu, halafu unaanguka. Hizo ndizo asubuhi zangu mbili, na hakuna mtu atakayenirudishia tena.

Basi nisikilize. Ulichokiona, kiseme hata kama hakuna atakayekipenda. Usichokiona, sema hujakiona, na usione haya. Na atakayekuja kwako na ukweli baada ya kukudanganya, msikilize. Mungu akupe macho yanayoamka mapema na ulimi usioyazidi, na siku utakapoanguka akupe mtu wa kupigilia msumari wako bila kukuuliza mara mbili.

Haya, kesho saa kumi na moja nitakugongea. Hiyo nyota mkia yako tutaitafuta wenyewe.