Saumu ya Namazzi

Bi Nasriya aliacha kukunja sambusa, akamtazama mfanyakazi wake. "Namazzi, leo hujatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Unaumwa?"

"Nimefunga, mama."

"Umefunga? Kwani umesilimu?"

Ilikuwa katikati ya Ramadhani. Namazzi aligeuza sambusa kwenye karai. Miaka miwili katika nyumba hii ya Al Khoudh, nchi ya Waarabu, alijulikana kuwa Mkristo, kwa sababu wakala wa Kampala aliandika hivyo kwenye fomu na kumwonya asibadilishe neno. Na kila jioni runinga ya sebuleni ilionyesha Gaza, Bi Nasriya akifuta machozi kwa ncha ya mtandio.

Lakini leo ilikuwa saumu ya Esta, malkia aliyeficha kabila lake katika jumba la mfalme, hadi waziri Hamani alipopanga watu wa kabila hilo wote wauawe. Ndipo Esta akafunga siku tatu, akamwendea mfalme bila kuitwa, akijua kwamba huenda akafa. Namazzi aliona aibu kumfungia mwanamke huyo huku yeye akidanganya.

"Mimi ni Myahudi, mama. Kwetu Mbale tupo wachache, tangu enzi za babu zangu. Purimu, sikukuu yetu ya kuokolewa, inaingia leo jua likizama."

Bi Nasriya alinawa mikono, akatoka jikoni.

Namazzi alikaanga sambusa zilizobaki. Kutoka chumbani alisikia Bi Nasriya akizungumza Kiarabu kwenye simu, haraka haraka. Neno aliloshika ni jina lake mwenyewe tu. Akaenda kupanga nguo zake kwenye begi.

Maghrib ilipoadhiniwa, mlango wake uligongwa. Bi Nasriya alikuwa na kisahani cha tende. Akaliona begi.

"Nani kakufukuza?"

"Nilidhani..."

"Nlikuwa nazungumza na dada yangu. Nna hasira na wanaoua watoto, mwanangu. Wewe hujaua mtu. Futuru."

"Sisi tunasoma kitabu cha Esta kwanza."

"Basi soma. Boko boko la ngano na nyama linapoa."

Namazzi alisoma kwenye simu, kwa Kiganda, akipiga mguu sakafuni kila alipofika kwenye jina la Hamani, ili lisisikike, kama wafanyavyo kwao.

Kesho yake alimpa Bi Nasriya sahani ya maandazi na maembe, kwani siku hiyo watu hupelekeana chakula. Bi Nasriya aliipokea kwa mikono miwili, akaiweka kwa ajili ya futari.

Mumewe, Aflah, alipoambiwa, alimaliza kufuturu. Kisha akauliza kama msichana huyo angependa kupumzika Jumamosi, siku ya Sabato, badala ya Ijumaa.