Asteria Alivyofundishwa Kusema

Asteria alipougua homa ya uti wa mgongo alikuwa na miaka mitatu, na alikuwa ameshaanza kumtania bibi yake kwa Kinyasa, lugha ya nyumbani. Alilazwa wiki tatu. Homa iliposhuka, mama yake, Mektilda, alimwita akiwa nyuma yake, akamwita tena, kisha akaangusha sahani ya bati sakafuni. Mtoto aliendelea kuchezea nyuzi za blanketi.

Baba yake, Erasmo, alivumilia mwaka mmoja. Akapanda milimani Mbinga kwenye kahawa, akaoa huko, akaacha hata kuulizia. Pale Mbamba Bay akabaki Mektilda na mwanaye na mama yake mzazi, Bibi Vitalia, wakiishi kwa kununua usipa wabichi, dagaa wa Ziwa Nyasa, kuwaanika kichanjani na kuwauza.

Bibi ndiye aliyepata njia ya kuongea na mtoto. Kidole shavuni ni ugali wa muhogo. Kufuta paji la uso ni jua kali. Viganja vikipigwapigwa kiunoni kama mabawa, basi kuku yuko kichanjani, mbio! Walicheka wawili hao mpaka Mektilda akaona wivu.

Mwaka themanini na tisa akaja Mwalimu Sekela, mtu wa Tukuyu aliyehamishiwa Mbinga kushughulikia watoto wenye ulemavu. Alimpima Asteria kwa kengele na ngoma, akagundua sikio la kulia bado linasikia kidogo. Safari ya pili akaleta mashine ya kusikia, kisanduku cha kuning'iniza kifuani chenye waya mpaka sikioni. Betri zake hazikuwa taabu tena. Tangu biashara iruhusiwe, maduka yalikuwa yamejaa betri.

"Mama Asteria, mtoto huyu anaweza kusema," Sekela alimwambia. "Lakini mchague lugha moja, Kiswahili, ndiyo ya shule. Na mikono muiache. Akionyesha kwa kidole, ninyi hamjaona. Msimpe kitu mpaka atamke."

"Na asipotamka, mwalimu?"

"Akibanwa atatamka."

Mektilda alilishika neno hilo kuliko mwalimu mwenyewe. Kila asubuhi alikaa mkekani upande wa sikio la kulia, akauweka mkono wa mtoto kooni mwake ausikie mtetemo, akashika unyoya mbele ya midomo ili "pa" iupeperushe. Aligonga sufuria nyuma ya mtoto, na kila mlio uliosikika Asteria alitumbukiza harage koponi. Hayo Asteria aliyapenda.

Siku moja ya Oktoba, jua likichoma, Asteria alikinga kiganja mdomoni, akitaka maji. Mektilda alijaza kikombe, akakishika juu.

"Maji. Sema, maji."

Mtoto akakinga kiganja tena. Mektilda akachana ukingo wa kanga, akamfunga mikono kwa nyuma. Asteria alilia, akagaagaa mchangani, akanyamaza, akalia tena. Jua lilikuwa limeshapita utosini alipotoa sauti nzito kutoka kifuani: "A-ji."

Mektilda alitokwa na machozi ya furaha. Alimnywesha vikombe vitatu, na mtoto akavitapika vyote.

Jioni ile ile alimgeukia mama yake. "Mama, kuanzia leo mikono basi. Ongea naye Kiswahili."

"Mwanangu, Kiswahili changu ni cha kuuzia samaki. Nitamwambia nini?"

"Basi nyamaza."

Bibi Vitalia alinyamaza. Aliishi miaka miwili zaidi katika nyumba ile, na mjukuu wake akajua maneno kama mia mbili ya Kiswahili. Bibi alipolala kitandani siku zake za mwisho, sauti imekatika, aliinua kidole, akakigusisha shavuni. Asteria alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasema kwa nguvu, kama alivyofundishwa, "Sema, Bibi. Sema."

Bibi alishusha mkono. Kesho yake alfajiri akafariki.

Mwaka tisini na mbili Asteria akaingia darasa la kwanza. Mektilda alikuwa ameshatangaza kila mahali kwamba mwanaye amepona. Alimshonea mfuko ndani ya gauni ili mashine isionekane, na nywele akaziacha ziufunike waya. Darasani walikuwa themanini. Mwalimu wao, Bernadi, aliwafundisha huku ameukabili ubao, na akigeuka hivyo Asteria hakuambulia kitu. Wiki ya pili alimwita mara tatu, asiitikiwe. Akamwendea, akamzaba kofi la sikio la kulia. Kile kidude cha sikioni kikazama ndani, na damu ikatiririka mpaka kwenye kola.

Mektilda alifika shuleni mbio, kanga inamdondoka.

"Umempiga mtoto kiziwi!"

"Kiziwi gani anayesema, mama?" Bernadi alijibu. "Asubuhi ameniambia, shikamoo mwalimu, vizuri kabisa. Nikadhani kiburi. Ningejuaje?"

Mektilda aliinama, akafuta damu kolani kwa upindo wa kanga.

Sikio lile halikusikia tena. Baada ya miezi kadhaa sauti ya Asteria ikaanza kuharibika. S ilitangulia kupotea, ikafuata ch. Watoto wa jirani walimwigiza njiani, naye akiona midomo yao alijua. Akaacha kusema. Mektilda alijaribu mikono aliyokuwa ameikataza, akagusa shavu, akafuta paji la uso, na mtoto alimtazama tu kana kwamba mama yake anafanya jambo la aibu.

Sekela aliposhuka tena na kusikia habari, alisema tu, "Ndivyo nilivyofundishwa, Mama Asteria." Alihangaika mwaka mzima mpaka akampatia mtoto nafasi katika shule ya viziwi mkoa mwingine.

Huko Asteria akapata lugha. Alipokuja likizo akiwa na miaka kumi na sita, alikuja na mwenzake wa shule, Avelina, msichana wa kijiji cha Tingi. Walikaa kivulini nyuma ya nyumba, mikono inakwenda upesi ajabu, na Avelina alicheka mpaka akalala chali. Mektilda hakuwahi kumwona mwanaye na uso ule. Aliwapelekea mihogo ya kuchemsha, akasimama mbele yao, akatamka polepole ili midomo isomeke:

"Mnacheka nini?"

Asteria alimwelewa. Alifikiri kidogo, akatafuta sauti, ikatoka nzito lakini inasikika.

"Hakuna."

Kisha akamgeukia Avelina.