Mama Maana na neno lenye maana kumi na saba

Saa mbili kasorobo asubuhi, mwanamke wa makamo anapita ubavuubavu kwenye mlango uliofunguliwa nusu wa duka la vifaa vya ofisi. Meza yake iko pembeni, kati ya mashine ya kutolea nakala na rafu ya bahasha. Anaifuta kwa kitambaa, anachonga penseli mbili, anavuta kiti. Hajakaa bado, na wateja wa kwanza wamekwisha kusimama mbele yake.

Ni mume na mke. Mume ni seremala. Unga wa mbao umemganda kwenye kola ya shati. Mke ameishika bahasha kwa ncha za vidole, kama kitu cha moto.

“Karibuni. Kaeni kwanza.”

“Hatukai, Mama Maana,” anasema seremala. “Barua hii imekwisha kusomwa. Tunataka utuandikie jibu tu. Na utuulizie, huko ng’ambo wakili anapatikanaje.”

Mama Maana ni jina la utani, na mwenyewe analipenda kuliko la kwenye kitambulisho. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akifasiri barua za watu: za kazini, za hospitali, za mahakama, za watoto waliokwenda mbali. Kwa siku hupata barua sita hadi tisa. Ukurasa mmoja anautoza bei ya mkate, na mjane hatozwi.

“Nani aliyeisoma?” anauliza.

“Jirani yetu, dereva mstaafu. Ana simu inayogeuza Kiingereza kuwa Kiswahili.”

“Ikasemaje?”

Seremala anamtazama mkewe. Mkewe ndiye anayejibu, kwa sauti ya chini.

“Ikasema, tunafurahi kuwajulisha kwamba binti yenu ameshtakiwa kwa watoto arobaini.” Anaigeuza bahasha. “Mimi kushtakiwa nimekusikia. Lakini ni watu wa namna gani hao, wanaofurahi kumshtaki mtoto wa mwenzao?”

Binti anayezungumziwa ni kifungua mimba wao. Mwaka wa tatu sasa yuko nchi ya mbali, mlezi katika makao ya watoto yatima. Simu yake haijapatikana kwa siku tisa. Wazazi hawa hawajala chakula cha maana tangu juzi. Baba amekwisha kupatana na mnunuzi juu ya mashine yake ya kuranda mbao, ile iliyosomesha watoto wote wanne. Mnunuzi anakuja saa tisa mchana na gari la kuibebea.

Mama Maana anapokea bahasha, lakini haifungui. Anaiweka mezani, anaiegemea kwa kiwiko.

“Kabla sijasoma, nielezeni habari za huyo binti. Anaamka saa ngapi, anafanya nini, bosi wake ni mtu gani. Msinifiche kitu.”

Wateja wageni hukerwa na maswali haya. Humwona mmbeya. Hawajui yalikotoka.

Mama Maana aliacha sekondari baada ya miaka miwili, baba yake alipofariki, akaingia kazi ya kupiga chapa katika ofisi ya mwanasheria. Kiingereza alikiokota hukohuko, neno baada ya neno. Ofisi ilipofungwa, akakodi pembe hii ya duka. Mwaka wake wa pili hapa, alikuja mwanamume mmoja, mpishi wa hoteli, na barua ya mistari mitatu. Alisema, “Nisomee tu kilichoandikwa.” Hakueleza lolote, na Mama Maana hakuuliza.

Katika barua kulikuwa na neno la Kiingereza “charge”, na ilisemwa kwamba hiyo “charge” imeangushwa. Mama Maana alilijua kwa maana ya bei. Akamwambia mpishi: “Gharama imeshushwa.”

Mpishi alishukuru, akaenda zake. Kumbe alikuwa amesingiziwa wizi pale hotelini, na alikuwa amejificha kwa dada yake. Aliposikia gharama imeshushwa, akadhani faini imepunguzwa, maana yake hatia iko palepale. Akaendelea kujificha miezi minne. Mwanawe wa kiume akaoa bila baba harusini.

“Alirudi mwenyewe kuniambia,” Mama Maana anamsimulia mwandishi wa makala haya. “Hakunigombeza. Alisema, ‘Mama, bei haikushuka. Ni mashtaka yaliyofutwa.’ Afadhali angenitukana. Nilikwenda nyumbani, mume wangu akaniuliza nani kafa.”

Siku ya pili alinunua daftari, akaliandika neno lile juu ya ukurasa. Chini yake akaanza kuorodhesha, na mpaka leo anaongeza. Shtaka. Malipo. Dhamana aliyopewa mtu. Amri. Umeme unaotiwa kwenye simu, ambao sisi wenyewe tumeuita chaji na kumaliza. Fahali anapoinamisha pembe na kumvamia mtu, ni neno lilelile. Baruti ya kupasulia mwamba, lilelile. Amefika kumi na saba.

Upande wa pili wa ukurasa kuna orodha ya kwetu: nauli, karo, ada, ushuru, kiingilio. “Wao wana neno moja la kumlipisha mtu popote,” anasema. “Sisi kila mlango tumeuwekea lake. Ukimwambia mtu alipe karo kwenye basi, atakushangaa.”

Seremala amemaliza kueleza. Binti huamka saa kumi na moja. Huwaogesha watoto, huwapeleka shule. Mwezi uliopita alisema mkuu wake anastaafu, na kwamba yeye huenda akahamishiwa tawi la milimani, ambako mtandao ni wa kubahatisha.

Hapo ndipo Mama Maana anapoufungua waraka. Anausoma mara ya kwanza kimya. Mara ya pili kidole kinafuata mistari. Mke wa seremala anamwangalia usoni, asikose hata ukope ukicheza.

“Mama,” anasema Mama Maana, “kaa sasa. Nakuomba.”

Mke anakaa.

“Binti yenu hajashtakiwa. Amekabidhiwa. Wameandika kwamba wanafurahi kuwajulisha kuwa amekabidhiwa malezi ya watoto arobaini. Ndiye mkuu wa tawi la milimani. Hapa chini wameandika anwani yake mpya, na kwamba simu itarekebishwa.”

Mashine ya nakala inatema karatasi moja, inanyamaza. Mke wa seremala anajifunika uso kwa khanga, na mabega yanaanza kutikisika. Mumewe anamwekea mkono mgongoni, naye hajui aangalie wapi.

“Una hakika?” anauliza mwishowe. “Maana ile simu nayo ilisema kwa hakika.”

“Neno lao ni moja, Fundi, “charge”. Kushtakiwa ni hilo, kukabidhiwa ni hilo. Simu imechukua la kwanza lililo karibu. Lakini hakuna anayefurahi kumshtaki mtu halafu akawapa wazazi anwani ya kumtumia salamu. Soma barua nzima, neno litajitaja lenyewe.”

“Hawa watu ni mabahili,” anasema seremala. “Neno moja wanalitumia mpaka limechakaa.”

“Na sisi je? Ukiniambia unataka paa, nikuletee mabati au nikuletee mnyama wa porini?”

Kwa mara ya kwanza tangu waingie, seremala anacheka. Kisha anakumbuka, anatoa simu mfukoni upesi. “Ndugu yangu, usije na gari,” anamwambia mnunuzi. “Hapana, si suala la bei. Mashine haiuzwi.”

Kabla hawajaondoka, wanaandika jibu. Mke ndiye anayesema, Mama Maana anaandika: mama yako anakusalimu, baba yako anakusalimu, hao arobaini wote tumewapokea kama wajukuu, lakini usisahau kula.

Ijumaa ya wiki hiyohiyo binti alipiga simu. Seremala alipita dukani kuleta habari, akaleta na kigoda alichokitengeneza mwenyewe, cha kupumzishia miguu. Mama Maana alikikataa mara ya kwanza kwa adabu, mara ya pili akakipokea.

Sasa ana shughuli nyingine. Mwezi wa kumi na moja atafanya mtihani wa wafasiri wanaotambuliwa na mahakama, akiwa na miaka hamsini na sita. Akifaulu, mihuri yake itakubalika, na watu hawatalazimika kusafiri siku nzima kutafuta mfasiri mwenye cheti. Watoto wake wawili wamechanga ada ya mtihani. Mumewe, fundi cherehani, anamuuliza maswali kila baada ya chakula cha jioni, na hujifanya anaelewa majibu.

Binti yake mdogo amemtahadharisha kwamba ukumbini atakaa na vijana watupu.

“Vizuri,” anasema Mama Maana, huku akimpungia mkono mteja anayefuata asogee. “Nitawaomba waniachie kiti cha dirishani. Wao wana macho, mimi nataka mwanga.”