Saba wa Nuru ya Bondeni

Ndugu yangu Yazid alifariki mwezi wa Rajabu, figo zilipochoka. Mwenyezi Mungu amrehemu. Siku ya tatu, hitma ilipokwisha na sinia zikawa zinakusanywa, binamu yetu Mwanakuu alisema mbele ya wanawake wote: "Maskini Yazid. Miaka kumi na tisa timu moja, na hata kikombe cha chai hakuleta nyumbani."

Nyumba ya msiba si mahali pa kugombana, nikanyamaza. Sasa sinyamazi.

Yazid alikuwa kiungo wa Nuru ya Bondeni tangu ana miaka kumi na saba. Mchana aliuza leso Biashara Street, alasiri akaenda mazoezini Tononoka. Hakuwa na mbio, wala hakufunga mabao mengi. Kazi yake ilikuwa kunyang'anya mpira, kumpa mwenzake aliye mahali pazuri, kisha kurudi kunyang'anya tena. Timu mbili kubwa za bara zilimtaka. Ya pili ilituma mtu mpaka sebuleni kwetu. Mama akamwandalia haluwa na kahawa, Yazid akamsikiliza mpaka mwisho.

"Ami, nashukuru," akamwambia. "Lakini nikiondoka mimi, katikati atacheza nani?"

Wenzake waliondoka, na siwalaumu. Mwaka juzi Nuru ilikuwa imeshakosa mechi mbili kwa kukosa wachezaji. Ikikosa ya tatu, timu yafutwa ligini. Na ya tatu ilipangwa katikati ya Ramadhani, saa kumi alasiri. Sheria yasema timu isipungue watu saba, kuanza mpaka kumaliza. Wakibaki sita, mechi yavunjwa.

Asubuhi ile Yazid alipita duka kwa duka. Akapata watu watano. Mwisho akamwendea Chengo, fundi wa kupinda leso, aliyekuwa kipa zamani.

"Yazid, nina miaka arobaini na sita. Magoti yangu yalia kuliko hii cherehani."

"Yatalia golini. Wewe simama tu."

"Nitafungwa kumi!"

"Fungwa ishirini, Chengo. Mradi tuwe saba."

Tulisimama kando ya uwanja, mimi na wanawake wa mtaa. Kufikia mapumziko walikuwa wamefungwa matano. Kipindi cha pili hakijafika mbali, Yazid akakanyagwa kifundo cha mguu. Aliinuka, akaanguka. Nilimkimbilia na chupa ya maji.

"Kaka, toka. Na ufungue saumu, mgonjwa ana ruhusa."

"Nikitoka twabaki sita, Duha." Akajimwagia maji mguuni, chupa akanirudishia.

Nahodha wa wapinzani, kijana aitwaye Kiti, alicheka. "Mzee, nenda nyumbani, kaimati za futari zapoa!"

"Zipoe. Wewe cheza mpira."

Kwa zaidi ya nusu saa alisimama katikati ya uwanja kwa mguu mmoja. Mpira ukimjia, aliuzuia kwa ule ulio mzima na kumpa mwenzake. Usipomjia, alisimama. Midomo ilikuwa myeupe kwa kiu. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni, nikazirudia. Chengo alifungwa tisa, na kila bao alimwapiza Yazid kwa Kigiriama, lakini golini hakutoka. Filimbi ya mwisho ilipolia niliwahesabu kwa kidole. Walikuwa saba.

Yazid akaketi pale pale. Chengo alikuwa akimkatia kamba za kiatu kwa mkasi wa dukani, maana mguu ulikuwa umevimba. Watu wetu walikuwa wakikumbatiana kama harusini. Afisa wa ligi alikuja na karatasi zake, akatutazama kwa kushangaa.

"Mmefungwa tisa bila. Sasa mwafurahia nini?"

"Bwana, wewe andika," Yazid akasema.

"Niandike nini?"

"Andika tumecheza."

Akaandika. Na Nuru ya Bondeni iko ligini mpaka leo.