Jumatatu, Mama Vifungo Ataketi

Saa moja na nusu asubuhi. Mwanamke amesimama nyuma ya meza ya mbao, mkono mmoja umezama ndani ya kopo. Mbele yake mteja ameshika koti lililopoteza kifungo kimoja. Mwanamke haangalii kopo, anaangalia koti.

"Matundu manne, ukingo mnene," anasema, na kumkabidhi kifungo pacha cha vile vilivyobaki.

Kwenye mtaa huu wa mafundi cherehani wote humwita Mama Vifungo. Ana miaka arobaini na mitatu, na kumi na tisa kati ya hiyo ameimaliza wima hapa, akiuza vifungo, zipu, uzi na sindano. Siku njema huhudumia wateja sitini. Siku mbaya hawafiki kumi, na bado hakai.

"Mteja akikukuta umekaa anajua umeichoka biashara yako," anasema. "Anapita zake."

Imani hiyo imeiumiza miguu yake. Mishipa imevimba kutoka kwenye vifundo hadi magotini, na jioni viatu havivuliki mpaka binti yake amsaidie. Mwaka juzi daktari hakumzungusha: aache kazi ya kusimama, la sivyo hata kutembea kutamshinda.

Kazi ya kukaa angeitoa wapi? Bahati ilikuwa jirani. Mtaa wa pili kuna kiwanda kidogo cha kushona sare, na mtunza ghala wake alikuwa amebakiza miaka miwili kustaafu. Meneja, mteja wake wa siku nyingi, alimwahidi nafasi hiyo kwa sharti moja: cheti cha sekondari chenye ufaulu katika somo la Biashara. Mama Vifungo aliishia kidato cha pili.

Akajiandikisha madarasa ya jioni. Majirani wakapata la kusema.

"Mama, unakwenda kufundishwa au kufundisha?" walimtania.

Hesabu na lugha alijua zitamtoa jasho. Biashara aliiona iko mfukoni tayari, na ndiyo iliyomwangusha. Mtihani wa majaribio alipata alama thelathini na moja kwa mia.

Karatasi ile bado anayo, imekunjwa ndani ya kopo la zipu. Swali la kwanza liliuliza sifa za muuzaji wa rejareja. Kitabu kinataka uandike kwamba hununua kwa jumla na kumuuzia mtumiaji kidogo kidogo. Yeye aliandika: "Sifa ya kwanza ni kusimama." Alipoulizwa njia za kutangaza bidhaa, alijibu: "Mshonee mteja kifungo kimoja bure, atawaambia wenzake." Wino mwekundu umetambaa kutoka juu hadi chini.

"Nililia, sikufichi," anasema. "Miaka yote hiyo nauza, halafu naambiwa biashara siijui! Binti yangu akacheka weee, kisha akaniuliza, 'Mama, kitabu umekifungua lakini?' Nikamwambia, nikifungue cha nini?"

Mwalimu wa Biashara, kijana wa umri wa kuwa mwanawe, alimzuia darasa lilipotoka.

"Nilimwambia, mama, usikasirike, majibu yako ni ya kweli," anakumbuka mwalimu. "Ila anayesahihisha hajawahi kusimama mezani kwako. Ana kitabu tu. Mpe cha kitabu."

Binti akamnakilia maelezo kwenye vipande vya karatasi, wakavibandika kwenye makopo. Biashara ya jumla ilikaa na vifungo vyeusi, rejareja na vyeupe, bima na zipu. Kila alipofungua kopo midomo ilimcheza. Wateja wengine walidhani anasali, na kwa kweli mara nyingine alikuwa anasali.

Alhamisi iliyopita mwalimu alikuja kwa miguu, karatasi ya matokeo ya mtihani wa mwisho mkononi. Mama Vifungo alimwona tangu mbali, na hofu ikamfanya ajishughulishe na mteja.

"Subiri kidogo mwanangu, nimalize na huyu."

"Mama, umefaulu. Biashara umepata B."

Akakaa. Alikaa juu ya kasha la nyuzi, mchana kweupe, wateja wawili wakimtazama. Fundi wa jirani, ambaye hajawahi kumwona ameketi, alikuja mbio na kikombe cha maji akidhani ameanguka.

"Sijaanguka," alimwambia huku machozi yakimtiririka. "Nimetua mzigo."

Mwalimu anakiri kwamba lile jibu la kusimama, lililokosa alama, amelinakili kwenye daftari lake. Wanafunzi wapya huwapa kwanza maelezo ya kitabu, kisha huwasomea la Mama Vifungo. "Hilo ndilo wanaloondoka nalo," anasema.

Meza anamwachia mdogo wake wa kike. Yeye mwenyewe anakusudia, miguu ikitulia, kusomea stashahada ya utunzaji wa ghala, na safari hii kitabu atakifungua mapema.

Ghala ameshakwenda kuliona. Hakuuliza habari za mshahara wala saa za kazi. Aliuliza kama kuna kiti, na meneja akamwonyesha: cha mbao, chenye mto, kando ya dirisha.

"Sikukikalia," anasema, mkono umesharudi ndani ya kopo. "Ningekaa siku ile nisingeinuka, na huku wateja wananingoja. Kinisubiri tu mpaka Jumatatu."